Uzi: Bei ya madini ya fedha ikipaa, sarafu zetu zinabaki sarafu au zinageuka uzito tu?

Kibubu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaokusanya sarafu za fedha, na nikisema fedha hapa namaanisha madini yenyewe, si pesa ya matumizi. Kila bei ya madini inapopaa naona watu wa aina mbili wanatokea. Mmoja anakimbilia kununua sarafu ambazo jana hakuzitupia jicho. Mwingine anakimbilia kuuza alizozilea miaka kumi. Mimi nimewahi kuwa huyo wa pili, na bado inaniuma.

Nilikuwa na albamu ya kadibodi, ile yenye matundu ya duara, chini ya kila tundu umeandikwa mwaka na herufi ya kiwanda kilichoitengeneza sarafu. Ilikuwa ya robo dola za Marekani zenye kichwa cha Washington, kuanzia 1932 hadi 1964, mwaka wa mwisho wa fedha. Nilikuwa nimejaza yote isipokuwa matundu mawili, 1932 ya Denver na 1932 ya San Francisco, kwa sababu kila moja ilitengenezwa chini ya nusu milioni na mfuko wangu haukuzifikia. Aprili 2011 fedha ilipokaribia dola 50 kwa wakia (kipimo cha uzito wa madini), nikaibeba albamu kwa mnunuzi. Hakuisoma. Aliikunja mgongo akaanza kusukuma sarafu kwa kidole gumba kutokea nyuma, moja moja, zikawa zinadondokea kwenye sinia la mizani. Kuna ya 1936 ya Denver niliyoitafuta karibu miaka mitatu, manyoya ya kifua cha tai bado yanahesabika. Ilidondoka na wenzake, na nilipoinama kuitazama sikuijua tena ni ipi. Akasoma namba kwenye mizani, akanilipa, akanirudishia kadibodi yangu.

Mtu wa hesabu tupu atasema nilifanya vizuri. Robo dola ile ina gramu 6.25 na asilimia 90 yake ni fedha. Siku ile kila moja ilibeba madini ya zaidi ya dola 8. Mwisho wa 2015 wakia ilikuwa imeshuka chini ya dola 14, na robo dola ileile ikawa na madini ya kama dola 2 na nusu. Ningeweza kununua lundo lote mara tatu. Nikajaribu. Lundo nililipata, albamu sikuipata. Zilizorudi zilikuwa robo dola zilizosagika mpaka tai hana manyoya, nyingi za 1963 na 1964. Ile ya 1936 niliilipia mara nyingi zaidi ya madini yake, tena katika siku ambazo madini yalikuwa yamelala.

Kuuza fedha ikiwa juu ni halali kabisa. Kosa langu lilikuwa kupeleka mizanini vitu viwili tofauti kwa pamoja.

Kila sarafu ya fedha ina bei mbili ndani yake. Ya chini ni madini, hiyo ndiyo sakafu. Hata iharibike vipi haishuki chini ya hapo. Ya juu ni nyongeza, yaani kile watu wanachoongeza kwa ajili ya mwaka, herufi ya kiwanda, hali yake na idadi iliyosalia. Bei ya madini inapopanda, sakafu inapanda lakini dari haipandi kwa kiasi hicho. Chumba kinakuwa kifupi.

Chukua dola ya fedha ya Marekani iitwayo Morgan, ile iliyotengenezwa 1878 hadi 1904 na tena 1921. Ina gramu 26.73, na fedha tupu ndani yake ni wakia 0.77 (wakia ya madini ni gramu 31.1, watu wengi wanakosea hapa na kutumia wakia ya kupimia vitu vya kawaida, gramu 28.35). Wakia ikiwa dola 15, madini ya Morgan ni dola 11 na senti 60. Wakia ikiwa dola 50, ni dola 38 na senti 67. Sasa tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, fedha ikiwa 15 Morgan ya kawaida ya 1921 inauzwa dola 25, na nyingine yenye mwaka adimu kidogo inauzwa 60. Fedha ikifika 50, ile ya kawaida inasukumwa na madini mpaka 40 na kitu. Ile adimu haina sababu ya kuruka mpaka 140. Mwenye nayo ataomba 75 hivi. Mwanzo ungetoa zaidi ya mbili za kawaida kupata moja adimu. Sasa hata mbili hazihitajiki.

Kwa hiyo siku hizi bei ikipaa nafanya biashara moja tu: natoa uzito, nachukua uhaba. Bei ikilala, ndipo nanunua kwa kuchagua taratibu, maana wauzaji wana muda wa kunionyesha sinia zima na hakuna anayewapigia simu kutaka kilo.

Jambo hili si geni. Ndilo lililoziondoa sarafu za fedha mifukoni mwa watu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza fedha ilipanda mpaka madini ya shilingi ya Uingereza yakazidi thamani iliyoandikwa juu yake, na mwaka 1920 wakashusha fedha kutoka asilimia 92.5 hadi 50. Mwaka 1947 wakaiondoa kabisa wakaweka shaba na nikeli. Marekani nako hesabu ilikuwa wazi: wakia ikifika dola 1.29, Morgan ina madini ya dola moja kamili, ikivuka 1.38, robo dola na senti kumi nazo zinavuka. Watu wakaanza kuzificha majumbani, na kwa sheria ya sarafu ya 1965 senti kumi na robo dola zikavuliwa fedha, nusu dola ikashushwa hadi asilimia 40 na kubaki hivyo mpaka 1970.

Ninayoipenda kuliko zote ni senti 50 ya Australia ya mwaka 1966, ya duara, asilimia 80 fedha. Waliitengeneza mwaka huo mmoja tu, fedha ikapanda, sarafu ikawa ghali kuliko jina lake. Iliporudi mwaka 1969 ilikuwa ya nikeli na shaba, ina pembe 12. Mimi ninayo moja. Nikiishika naona bei ya madini inavyoweza kuiondoa sarafu mikononi mwa watu.

Naomba michango. Bei ikipaa, wenzangu mnafanyaje?

Mizani

Mkuu Kibubu, nakuheshimu, ila hapa njia zetu zinaachana. Mimi nanunua sarafu za uwekezaji tu: American Silver Eagle inayotoka tangu 1986, Maple Leaf ya Kanada tangu 1988. Wakia moja kamili, fedha safi, kila mnunuzi anaijua. Nyongeza unayoisifia ni mapenzi ya watu, na mapenzi hubadilika. Dola ya Morgan ya 1903 ya New Orleans ilihesabiwa miongoni mwa adimu kabisa, watu wakiilipia pesa nyingi. Mwaka 1962 hazina ya Marekani ikatoa mifuko ya akiba iliyokaa miaka, kumbe zimejaa humo, bado zinang'aa. Waliozilipia waliamka hawana kitu zaidi ya Morgan nyingine tu. Madini hayakufanyii hivyo.

Kibubu

Mkuu Mizani, mfano wako wa 1903 ni wa kweli na kila mkusanyaji anatakiwa kuujua. Uhaba unaotegemea watu kutofungua mifuko si uhaba. Mimi napenda zaidi sarafu ambazo zilikuwa chache tangu siku ya kwanza na zikatumika mitaani zikaisha, kwa sababu hizo hakuna mfuko utakaofunguliwa.

Lakini kusema madini hayakufanyii hivyo, hapana. Januari 1980 ndugu wawili, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, walipokuwa wamelimbikiza fedha nyingi mno, wakia ilifika karibu dola 50. Tarehe 27 Machi mwaka huohuo ikawa chini ya 11. Aliyenunua Januari alingoja zaidi ya miaka 30 kuikaribia tena bei ile, na ni mwaka 2025 tu ndipo kilele kile kilipitwa. Hapo sijagusa mfumuko wa bei wa miaka yote hiyo.

Sizikatai Eagle na Maple Leaf. Ni akiba nzuri, na ukitaka uzito ndiyo njia nafuu. Ila huwezi kuniambia tunakusanya kitu kimoja. Eagle yako ya mwaka huu na ya mwaka jana zikichanganyika utapata usingizi. Mimi sarafu zangu zikichanganyika silali.

Sonara

Habari zenu. Mimi niko upande wa pili wa mizani: nayeyusha. Nimesoma habari ya albamu ya Kibubu nikanyamaza kidogo, maana nimewahi kuwa huyo mwenye kidole gumba.

Niwaeleze kinavyokuwa. Fedha tupu inayeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, na sarafu yenye shaba ndani huanza kulegea mapema zaidi. Ukitazama kwenye kikombe cha kuyeyushia, sarafu inaanza kuwa nyekundu iliyofifia, kisha ukingo unapoteza meno yake, inakuwa laini kama kitufe. Kichwa kinabaki kinaonekana mpaka dakika ya mwisho. Halafu ghafla inakaa chini kama nta, na kilichobaki ni tone linalozunguka. Hakuna anayeniuliza ilikuwa ya mwaka gani, na mimi siandiki popote.

Jambo ambalo wengi hawalijui: bei ikipanda kwa kasi, si lazima ulipwe vizuri. Kila mtu anafungua kabati lake wiki ileile, wasafishaji wa madini wanajaa foleni, pesa za mnunuzi zinakwama kwenye mzigo ambao haujasafishwa. Hapo anakupa chini ya thamani ya madini ili ajilinde bei isishuke akiwa njiani. Na sarafu zenye fedha asilimia 50 au 40 anazikata zaidi, kwa sababu kuna shaba nyingi ya kutenganisha. Ukisikia wakia imepita kiwango fulani kwenye taarifa, usidhani ndicho utakachopewa kaunta.

Siku hizi kabla ya kuwasha moto nazimwaga mezani kwanza. Zenye sura nzuri naziweka kando.

Kibubu

Sonara, asante sana. Uliposema huandiki popote umegusa jambo kubwa kuliko albamu yangu.

Mwaka 1918 Marekani ilipitisha sheria ya Pittman, na zaidi ya dola milioni 270 za fedha zikayeyushwa, nyingi ya madini hayo yakauzwa kwa Waingereza kwa ajili ya India. Hakuna aliyeandika miaka ya sarafu zilizoingia motoni. Ndiyo maana ukifungua kitabu cha sarafu ukaona Morgan fulani zilitengenezwa milioni kadhaa, namba hiyo inakuambia siku ya kuzaliwa tu. Kuna ambazo namba ni kubwa na kuzipata ni shida. Mwaka 1965 kiwanda cha Denver kilitengeneza dola za Peace, aina nyingine ya dola ya fedha, 316,076 zenye tarehe ya 1964, zote zikarudishwa tanuruni, na mpaka leo hakuna hata moja iliyothibitishwa kusalia.

Kwa hiyo bei kubwa ya madini inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Leo inakufinyia nyongeza. Kesho, kwa sababu ya zilizoyeyushwa, zilizobaki zinakuwa chache kuliko kitabu kinavyosema. Tatizo ni kwamba hiyo ya kesho huioni. Inajulikana baada ya miaka, mtu akitafuta sarafu ya "kawaida" na kukuta haipo.

Bi Thripensi

Kaka zangu mnazungumzia kuuza na kubadilishana, lakini hamjamtaja anayeanza. Huyo ndiye anayefungiwa mlango. Mimi nilianza nikiwa msichana wa shule, nikiweka akiba wiki tatu kununua sarafu moja ya fedha iliyochakaa. Msichana kama mimi leo akikuta ileile iliyochakaa inadai bei ya wakia, atageuka aende. Na hobi isiyopokea watoto, miaka 30 ijayo hiyo nyongeza mnayoitunza nani atailipa?

Ushauri wangu kwa wanaoanza bei ikiwa juu: shukeni ukubwa. Mimi nakusanya vipande vya pensi tatu vya Uingereza, thripensi za fedha. Kimoja kina gramu 1.41. Hata wakia ikipanda mara mbili, madini yake ni kidogo mno kuyumbisha bei yake. Nina vya Malkia Victoria, vya Edward wa Saba, vya George wa Tano na wa Sita, na vyote vinakaa kwenye kiganja. Ukivitazama kwa lenzi, kichwa kimechongwa kwa uangalifu uleule wa sarafu kubwa, kwenye duara la milimita 16.

Na jihadharini na bandia. Bei ikipaa zinazaliana, hasa za dola kubwa. Nunueni mizani inayosoma sehemu ya gramu kabla ya kununua sarafu. Sumaku nayo isikosekane; fedha haivutwi na sumaku, ingawa si kila kisichovutwa ni fedha.

Kibubu

Dada, umenifungua macho. Nilikuwa nafikiria watu wenye sarafu tayari. Hiyo ya kushuka ukubwa sikuwahi kuifikiria, na kihesabu iko sawa: madini yakiwa sehemu ndogo ya bei, misukosuko yake haikugusi.

Niongeze moja tu kwa wanaoanza: msisafishe. Bei ikipanda watu wanasugua sarafu ing'ae wakidhani wanaongeza thamani. Sarafu iliyosuguliwa imebaki na madini tu.

Mgeni

Shikamooni wakuu. Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Marehemu baba aliacha mkebe wenye sarafu tano kubwa za Uingereza, nusu krauni. Mnunuzi amezipima, akasema sarafu za Uingereza zote ni nusu fedha nusu shaba, akanipa bei kwa uzito huo. Ananisubiri kesho. Niuze?

Kibubu

Marahaba, na pole kwa msiba. Usiuze bado. Soma miaka kwanza. Za 1919 kurudi nyuma ni asilimia 92.5. Za 1920 hadi 1946 ndizo asilimia 50. Upande wa kichwa kuna nani?

Mgeni

Zote tano ni mfalme mwenye ndevu, hana taji, anatazama kushoto. Nne zinasomeka vizuri: 1916, 1917, na mbili za 1918. Ya tano imesagika, naona 19 halafu ukungu.

Kibubu

Huyo ni George wa Tano. Kwenye nusu krauni hizi mwaka uko upande wa nyuma, chini ya ngao. Iweke chini ya taa, mwanga utoke pembeni karibu na meza, uizungushe polepole. Usiisugue.

Mgeni

Nimeona! 1921.

Kibubu

Safi. Nusu krauni mpya ni gramu 14.14. Nne zako za kwanza kila moja ina karibu gramu 13 za fedha tupu, ya 1921 ina 7. Jumla kama gramu 59, punguza kidogo kwa kusagika. Mnunuzi amekuhesabia kama 35. Anataka kuondoka na gramu 24 za baba yako bila kuzilipia.

Sikufichi, miaka hiyo minne si adimu, zilitengenezwa kwa mamilioni. Ingekuwa 1905 ya Edward wa Saba, iliyotengenezwa 166,000 na kidogo tu, tungekuwa na mazungumzo mengine. Ukitaka pesa, tafuta anayezipima kwa asilimia zake halisi.

Mgeni

Kesho siendi. Je, ya 1921 niitenge, maana ndiyo duni?

Kibubu

Iache na wenzake. Iweke kando ya ile ya 1918, utazame sehemu zilizosagika, shavu na nyusi za mfalme. Ya 1918 itakuwa nyeupe. Ya 1921 itakuwa na umanjano kidogo, ni shaba inayochungulia.

Mgeni

Nimeziweka dirishani. Umanjano upo.